Sikio la Rubani, Sikio la Fundi

Charles Lindbergh alijiziba masikio kwa pamba kabla ya kuondoka New York asubuhi ya tarehe 20 Mei 1927. Mbele yake palikuwa na injini ya silinda 9, naye alikaa nyuma yake kwa saa 33 na nusu mpaka Paris. Redio hakuwa nayo. Aliiacha ili kupunguza uzito. Hapakuwa na mtu wa kumwita wala wa kumjibu, kwa hiyo pamba ilimtosha.

Historia ninayotaka kuisimulia inaanza pale pamba ilipoacha kutosha. Rubani alipowekewa redio alijikuta na mahitaji mawili yasiyopatana: azibe masikio asije akawa kiziwi, na ayafungue amsikie anayemwongoza kutoka ardhini. Hedseti ni jibu la swali hilo, na jibu lenyewe lilichukua zaidi ya nusu karne.

Mimi niliingia humu kwa mlango wa nyuma. Ninasoma shahada ya uzamili ya historia Dar es Salaam, na tasnifu yangu haihusiani na ndege hata kidogo. Ila mdogo wangu anasomea urubani Nairobi, katika uwanja wa Wilson, na mwanzoni mwa mwaka alinitumia picha mbili na ujumbe mfupi: "Dada, wewe si ndiye msomaji wa nyumba hii? Nichagulie hedseti." Picha ya kwanza ilikuwa ya hedseti ya kijani, nzito, isiyotumia umeme kuzuia kelele. Ya pili ilikuwa nyeusi, nyepesi, ya zile zinazozima kelele kwa umeme, na bei yake ilivuka dola 1,000. Kwa shilingi zetu hiyo ni zaidi ya milioni mbili na nusu. Kodi ya chumba changu kwa mwaka mzima haifiki huko.

Mhandisi angefungua jedwali la vipimo. Mimi nilifungua hataza za zamani.

Kabla ya umeme kulikuwa na mpira. Mwaka 1917, katika shule ya marubani ya Gosport, Uingereza, Robert Smith-Barry alileta utaratibu mpya wa kufundisha, na mojawapo ya vifaa vyake lilikuwa bomba la kuzungumzia: mkufunzi anasemea upande mmoja, sauti inasafiri ndani ya bomba, inatokea kwenye masikio ya mwanafunzi kama kupitia kile kifaa cha daktari cha kusikilizia mapafu. Mara nyingi lilikuwa la upande mmoja tu. Mkufunzi anafoka, mwanafunzi anameza. Mdogo wangu anasema kwamba, mpira ukiuondoa, hakuna kilichobadilika sana.

Kisha ikaja redio, na hapa kuna jambo lililonishangaza. Katika ndege ndogo za kiraia, kwa miaka mingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, rubani hakuvaa kitu masikioni. Alishika maikrofoni mkononi kama dereva wa teksi za zamani, na majibu yalitoka kwenye spika iliyofungwa darini, juu ya kichwa chake. Ili asikie, ilibidi spika ipige kelele kuishinda injini. Dawa ya kelele ikawa kelele zaidi. Vifuniko vizito vya masikio vilikuwa vimeshaanza kuenea miaka ya 1950, jeti zilipoingia, lakini waliovivaa kwanza walikuwa watu wa majeshi waliosimama ardhini karibu na injini hizo. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Ile ya kijani inatoka kwa kampuni ya David Clark ya Worcester, Massachusetts, na historia yake ni ya aina ninayoipenda. Ilianza mwaka 1935 ikishughulika na vitambaa vya kufuma kwa ajili ya nguo za ndani. Mtu anayejua kutengeneza nguo inayobana mwili bila kuumiza ana ujuzi ambao jeshi la anga linauhitaji bila kujua: vita vilipokuja, kampuni hiyo ikashona mavazi ya kuzuia damu isikimbilie miguuni rubani anapopiga kona kali, na baadaye mavazi ya wanaanga wa Gemini. Mwaka 1975 ikaleta sokoni hedseti ya kwanza iliyokusudiwa kuwakinga na kelele marubani wa ndege ndogo. Tangu hapo rangi ile ya kijani imekuwa kama sare.

Siri ya hedseti ya kijani ni nguvu. Vikombe viwili vigumu, sponji ndani, na utepe wa chuma unaovikandamiza kichwani. Kampuni huandika kwamba modeli yake maarufu inapunguza desibeli 23. Kwa kelele kali, zile za upepo na miluzi, inafanya kazi vizuri sana. Tatizo ni kelele nzito, na hapa itabidi tufanye hesabu kidogo. Usikimbie, ni hesabu ya darasa la saba.

Chukua Cessna 172, ndege ambayo mdogo wangu anafundishwa nayo. Ina injini ya silinda 4 na propela yenye mapanga mawili. Ikiwa angani propela huzunguka mara 2,400 hivi kwa dakika, yaani mara 40 kwa sekunde. Kila mzunguko mapanga mawili yanapita mbele ya kioo, na kila mzunguko silinda mbili zinawaka. Mbili mara 40 ni 80, pande zote mbili. Injini na propela zinapiga ngoma moja, mapigo 80 kwa sekunde, au hezi 80. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo wimbi moja la ngoma hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 4, karibu sawa na Corolla. Mluzi wa hezi 3,000 una wimbi la sentimita 11 tu. Kikombe na sponji humzuia huyu mdogo. Yule mkubwa anakisukuma kikombe chenyewe, kinaingia na kutoka pamoja naye, na ngoma inaendelea ndani kana kwamba hujavaa kitu.

Lakini ukubwa huohuo ndio udhaifu wake. Wimbi la hezi 80 linapanda na kushuka taratibu, kwa mpangilio unaotabirika. Ukiwa na maikrofoni ya kulisikia na spika ya kulijibu, unaweza kuvuta hewa pale linaposukuma na kusukuma pale linapovuta. Mawimbi mawili yaliyo kinyume yanakutana na kufutana.

Wazo hilo si la jana. Mjerumani Paul Lueg aliliwasilisha kuombea hataza nchini kwake mwaka 1933, na mwaka 1936 akapewa hataza ya Marekani. Mchoro wake ni mzuri wa kutazama: bomba, maikrofoni, spika, na mistari miwili ya mawimbi, mmoja ukipanda pale mwingine unaposhuka. Kila kitu kimo isipokuwa vifaa vya kukitenda. Vikuza sauti vya wakati ule vilikuwa vya valvu za kioo, vikubwa na vyenye joto. Huwezi kumvisha mtu kichwani. Mwaka 1953 Harry Olson na Everett May walionyesha kifaa cha kumeza sauti kwa umeme, na wakapendekeza kiwekwe karibu na kichwa cha abiria kwenye kiti cha ndege. Katika miaka hiyohiyo Lawrence Fogel alikuwa akiandikisha hataza za kuwasaidia watu wa helikopta na ndege kusikia ndani ya kelele, na Willard Meeker akachora kifuniko cha masikio chenye uwezo wa kujibu kelele kwa kelele. Kwenye karatasi, hedseti nyeusi ya mdogo wangu ilikuwapo kabla mama yetu hajazaliwa.

Ndiyo maana kisa kinachopendwa zaidi katika habari hii hunikera kidogo. Utakikuta kila mahali: mwaka 1978 Amar Bose, profesa wa MIT na mwanzilishi wa kampuni yenye jina lake, anapanda ndege Zurich kurudi Boston. Anapewa hedfoni mpya za kusikilizia muziki, kelele ya ndege inaumeza muziki, anakasirika, anatoa karatasi, na kabla hawajatua ameshapiga hesabu za kuizima. Sina sababu ya kukitilia shaka. Ninachokipinga ni mahali kinapoanzia. Kinaanza na mtu mmoja na karatasi tupu, wakati karatasi ilikuwa imeandikwa miaka 45 nyuma. Alichokuwa nacho Bose na Lueg hakuwa nacho ni transista, kampuni inayouza spika, na subira. Huyo wa mwisho si mdogo: kuanzia ile safari mpaka hedseti ya marubani ilipouzwa mwaka 1989 ilipita miaka 11. Wajerumani nao hawakuwa wamelala. Sennheiser katika miaka hiyo ya 1980 walikuwa wakitengeneza ya kwao kwa ajili ya Lufthansa.

Katikati ya miaka hiyo 11 kuna safari ninayoipenda kuliko kisa cha Zurich. Tarehe 14 Desemba 1986 Dick Rutan na Jeana Yeager waliruka kutoka Edwards, California, katika ndege iitwayo Voyager, wakitaka kuizunguka dunia bila kutua wala kuongeza mafuta. Ilikuwa na injini mbili, moja mbele na moja nyuma, na wao wawili katikati, ndani ya nafasi ambayo mmoja akiendesha mwingine inabidi alale. Walikaa humo siku 9. Ilihofiwa kwamba kelele peke yake ingewaharibia masikio kwa kudumu, na Bose akawapa hedseti mbili za majaribio. Njia yao ilikatiza Bahari ya Hindi na kuingia Afrika kwa upande wa mashariki. Walipita juu ya Kenya, wakavuka bara mpaka Atlantiki, na tarehe 23 wakatua walikotoka. Nilimwambia mdogo wangu kwamba moja ya hedseti za kwanza kabisa za aina anayoitaka ilipita juu ya nchi anayosomea miaka mingi kabla hajazaliwa. Akajibu: "Sawa dada, kwa hiyo ninunue ipi?"

Nilitaka kumjibu haraka kwamba nyeusi inakinga masikio zaidi. Ndivyo matangazo yanavyokuacha udhani. Nilipozidi kusoma nikaona jambo lenyewe limejipinda. Kelele ya muda mrefu hulipiga sikio kwanza kwenye sauti kali, karibu na hezi 4,000, na sauti kali ndizo ambazo kikombe kizito cha kijani huzizuia vizuri. Nyeusi inaizima ngoma ya hezi 80, ambayo inachosha kuliko inavyoharibu. Sasa faida yake iko wapi? Iko kwenye redio. Kelele nzito ina tabia ya kufunika sauti zilizo juu yake, kama moshi unavyopanda. Ngoma ikiwa ndani ya kikombe, maneno ya mnara yanazama, na rubani anaongeza sauti. Anaongeza tena. Baada ya nusu saa kinacholipiga sikio lake ni redio yenyewe, sentimita chache kutoka kwenye kiwambo. Ni ile spika ya darini imerudi, safari hii imeingia masikioni. Ukiizima ngoma, mnara unasikika kwa sauti ndogo.

Na muda nao si mchache. Taasisi ya NIOSH ya Marekani inashauri mtu asizidishe saa 8 kwa siku kwenye desibeli 85, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda hukatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Ndani ya ndege ndogo ya injini moja, desibeli 90 na kitu ni jambo la kawaida. Somo moja la saa moja bila kinga linaweza kumaliza posho ya siku nzima, na anayetaka leseni ya biashara kwa kawaida anahitaji saa 200 hivi.

Nilipofika hapo nilimpigia simu baba mdogo. Alikuwa fundi wa ndege ndogo hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na hata sasa huitwa kufanya vibarua. Kumpigia simu ni kazi. "Shikamoo baba mdogo" mara tatu, kisha anakuambia uje nyumbani, kwa sababu akiona mdomo wako anaelewa vizuri zaidi. Nikaenda.

"Nasikia unaongea, mwanangu," huwa anasema. "Ninachokosa ni unachosema."

Hiyo ndiyo picha kamili ya hezi 4,000. Irabu zinamfikia, maana ni nzito; s, f, sh na t zinapotea njiani. Kiswahili kinamhurumia kwa kuwa karibu kila silabi inaishia na irabu, lakini kinamtega pia: sita, pita, fika na shika zote hubisha hodi kwake zikiwa zimevaa nguo moja, i na a. Namba za simu siku hizi anaomba aandikiwe.

Nilimuuliza walikuwa wanavaa nini kazini. Akacheka. Injini ikitoka matengenezo huwashwa na kupandishwa nguvu uwanjani, na mtu anasimama pembeni kusikiliza. Mtu huyo alikuwa yeye. Kampuni ilikuwa na pea moja ya viziba masikio, imetundikwa ukutani ofisini, kwa ajili ya wageni wanaokuja kutembelea banda. Sitaitaja kampuni. Ninachotaka kukisema ni kwamba huyu ndiye mtu ambaye vifuniko vya kwanza vilimlenga, yule anayesimama ardhini kando ya injini. Kwingine alivaa miaka ya 1950. Kwetu, miaka 40 baadaye, alikuwa anaviona vimening'inia msumarini. Katika vitabu na makala nilizosoma kuhusu historia hii nimekutana na marubani, maprofesa, wanaanga na abiria wa Zurich. Fundi sijamwona.

Nilimwonyesha picha mbili za mdogo wangu. Nilidhani atasema ya kijani, kwa kuwa mafundi hupenda kitu kisicho na betri, na betri ikiisha angani ile nyeusi inabaki kuwa kikombe chepesi tu. Hilo alilisema. Akasema pia kwamba wakufunzi wa zamani watamtisha mtoto, watamwambia kifaa hicho kitamficha injini ikianza kuharibika. "Injini unaisikia kwa kiti," akasema, akipiga paja lake. "Ikikosea, mgongo unajua kabla ya sikio." Kisha akaiwekea kidole ile nyeusi.

Haikununuliwa mpya. Mdogo wangu alimpata rubani aliyekuwa anahamia ndege kubwa, akauziwa kwa nusu ya bei, michango ikiwa ya mama, yangu kidogo, na ya baba mdogo nyingi kuliko alivyokubali tuseme. Kilichomsumbua baadaye hakimo katika jedwali lolote nililoona. Alikuwa amesuka rasta, na mto wa hedseti ukikaa juu ya rasta unaacha upenyo, na ngoma ya hezi 80 haihitaji zaidi ya hapo kuingia. Miwani hufanya hivyohivyo, na mtandio. Naamini waliochora vikombe hivi walikuwa na kichwa cha mwanajeshi aliyenyolewa akilini. Wiki ya pili alifumua, akasuka upya mistari ielekee kisogoni, pembeni mwa masikio pakabaki ngozi tupu. Akanitumia sauti ya sekunde 8 iliyorekodiwa angani, naye akizungumza kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliye sebuleni.

Baba mdogo nilimnunulia Kariakoo vile vifuniko vya mafundi ujenzi, vya plastiki ya njano, visivyo na waya wala redio. Akavivaa palepale dukani, akageuza kichwa kushoto na kulia, kisha akavivua.

"Ni vizuri," akasema. "Lakini injini ikikohoa nikiwa nimesimama nje, hapo nina kiti gani cha kunisikilizia?"

Muuza duka alidhani anauliza bei.